Haki Iliyochelewa, Je, Ni Haki?

Tangu kale wenye hekima hufundisha kwamba haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Neno hilo ni fupi, hata mtoto aweza kulishika. Lakini liko swali moja ambalo mara nyingi tunalipita: kumpa lini? Tukimpa mtu kilicho chake baada ya miaka ishirini, tumetimiza haki? Tutazame habari za mtu mmoja wa Marekani, tusije tukanena maneno matupu.

Mtu huyo ni Leroy Paige, aliyeitwa Satchel, maana yake mkoba. Alizaliwa mwaka 1906 huko Mobile, katika jimbo la Alabama, mtoto wa watu weusi maskini. Kazi yake ilikuwa besiboli. Katika mchezo huo mmoja hutupa mpira mdogo mgumu, na mpinzani wake mwenye gongo hujaribu kuupiga uende mbali. Paige alikuwa mtupaji. Alitupa kwa nguvu na kwa shabaha, hata wapigaji wengi wakapiga hewa tu.

Alianza kazi hiyo mwaka 1926. Lakini siku zile timu kubwa za Marekani hazikumpokea mtu mweusi hata mmoja. Wala haikuwa sheria iliyoandikwa. Wenye timu walipatana kimya kimya. Basi Paige alicheza katika timu za weusi, akisafiri mji kwa mji. Je, wakubwa hawakumjua? Walimjua sana. Msimu ulipokwisha, wazungu wenye sifa walishindana naye, na Dizzy Dean, mtupaji mashuhuri wa wakati ule, alimsifu waziwazi. Hawakukosa kujua, walikosa kutenda.

Mwaka 1947 Jackie Robinson aliingia timu ya Brooklyn, na mlango ukafunguka. Mwezi wa Julai 1948 timu ya Cleveland ilimwandika Paige, siku ile ile alipotimiza miaka 42, umri ambao wengi wamekwisha kuacha mchezo. Tarehe 20 Agosti watu 78,382 walimwona akiwazuia Chicago wasipate hata alama moja. Mwaka 1971 alitiwa katika nyumba ya heshima ya mchezo huo, huko Cooperstown. Kwanza walitaka kumweka katika sehemu ya peke yake. Watu wakanung'unika, nao wakageuza shauri. Alikufa mwaka 1982. Na mwaka 2020 ndipo wakuu wa besiboli walipotangaza kwamba mashindano ya weusi ya miaka 1920 hata 1948 nayo yalikuwa makubwa.

Wengine watasema: «Mwishowe alipata, yatosha.» Tujibu hivi. Heshima iliyochelewa si bure. Ukweli lazima usemwe hata juu ya kaburi, maana uwongo ulioachwa huwafundisha watoto. Lakini heshima hiyo haimalizi deni. Mbuzi aliyeibwa aweza kurudishwa pamoja na wana wake. Nguvu za mtu wa miaka ishirini na mitano, nani atazirudisha?

Wengine tena watasema: «Mateso yalimkomaza.» Hapana. Uvumilivu ni sifa yake yeye, si udhuru wa waliomfungia mlango. Mtu akivuka mto kwa kuogelea, hatumshukuru aliyevunja daraja.

Basi tujihadhari hasa na mapatano ya kimya. Hayana mwandishi, kwa hiyo kila mmoja husema: «Si mimi niliyeyaanza.» Lakini anayejua na kunyamaza ameyatia sahihi. Kibarua anangoja mshahara wake, mjane anangoja shamba, binti mwenye akili anangoja shule. Sisi twasema: watapata tu. Wahenga walisema: Chelewa chelewa, utakuta mwana si wako. Kilicho chao tuwape leo, wangali na nguvu za kukitumia.