Mti wa Nani?

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo anaishi Canada. Januari alinitumia picha ya mche wa sequoia, ameuingiza ndani ya gereji usikauke. Kumbe baridi peke yake siyo shida kubwa. Shida ni udongo ukiganda huku jua linawaka: majani yanapoteza maji, mizizi haina pa kuyatoa. Huko California mti huo unaweza kuishi zaidi ya miaka 2,000. Jamaa ana miaka 36, nyumba yenyewe kapanga. Nilicheka sana.

Kicheko kiliniishia Pasaka, nilipofika nyumbani Murongo. Tata alikuwa ametenga kipande cha shamba juu ya kibanja, upande unaotazama mto Kagera na Uganda ng'ambo. Mimi nilikuja na miche ya mvule. Yeye alitaka mikaratusi.

"Mikaratusi, miaka minane nauza nguzo," alisema. "Hiyo yako nitamuuzia nani?"

Tafadhali msimwite mbinafsi. Mikaratusi ndiyo iliyonilipia ada. Mwenye mshahara wa mjini huona rahisi kuhubiri habari za vizazi vijavyo. Anayedaiwa ada ya mjukuu hana nafasi hiyo.

Lakini mlango wa nyumba yake ni wa mvule, na aliyeutunza mti ule hakumjua yeye. Tata naye anaishi kwa subira ya mtu mwingine.

Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba mti mrefu kuliko yote waliyopima Afrika uko Kilimanjaro: mkukusu wa mita 81.5, unaokadiriwa kuwa na miaka 500 hadi 600. Uko bondeni, mbali na watu. Huku kwetu hakuna bonde la kuuficha mti. Mvule utafika miaka mia endapo kila atakayeurithi, akiwa na shida zake na shoka mkononi, ataamua kuusubirisha.

Kwa hiyo kupanda siyo zawadi tu. Ni kuwatwisha wengine mzigo wa kusubiri. Na nadhani huna haki ya kumtwisha mtu mzigo ambao wewe mwenyewe hujaubeba hata kidogo. Mimi nilitaka wema wangu ulipiwe na baba yangu.

Jioni nikamwambia: "Tata, nipe nafasi ya mivule mitatu. Ada ya mjukuu mwaka huu naibeba mimi."

Akanyamaza, kisha akacheka. "Sasa umeongea. Leta jembe."

Kwingine kote tulipanda mikaratusi. Usiku nikamuuliza rafiki yangu mche wake unaendeleaje.