Boma Lisiloezekwa: Nani Mdeni?



Katika wilaya yetu ya Kilosa, kama ilivyo katika Tanzania nzima, liko jengo ambalo kila mtu amekwisha kuliona. Ni kuta za matofali zilizofika usawa wa renta, milango na madirisha yakiwa matundu matupu, na ndani yake yameota majani. Tumezoea kuliita boma. Pengine lilikusudiwa kuwa zahanati, pengine nyumba ya mwalimu au darasa. Mpango wake ulikuwa rahisi kueleweka: wananchi wapandishe kuta kwa nguvu zao, na serikali, kwa njia ya halmashauri ya wilaya, ilete mbao, mabati na saruji ya kumalizia. Wananchi walitoa sehemu yao. Mabati hayakuja, au yalikuja baada ya masika kadhaa kuzilainisha kuta.

Swali tunalotaka kulitafakari ni hili: Je, ni haki serikali kuwaambia watu waanze wao, ndipo fedha ya umma ije kumalizia? Na watu wakiisha kuanza, nani anadaiwa, na anadaiwa nini? Mtu asiseme kwamba hilo ni jambo la siasa tu. Linahusu ahadi, na linahusu namna ya kumtwika mzigo mtu dhaifu. Mambo hayo mawili ni ya dhamiri.

Utaratibu huu ulikotoka

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, taifa letu lilijifunza neno kujitegemea, nalo lilikuwa neno jema. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipotaka kila mtoto apate elimu ya msingi, vijiji vingi vilifyatua matofali na kujenga madarasa kwa mikono. Katika Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi ulioanza mwaka 2002, na tena katika ujenzi wa sekondari za kata uliopamba moto tangu mwaka 2006, nguvu za wananchi zilihesabiwa kuwa sehemu ya gharama. Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, yaani TASAF, ulioanza mwaka 2000, nao ulidai hapo mwanzo kwamba jamii itoe sehemu yake ya kazi au vifaa.

Katikati ya hayo, mwaka 2003, kodi ya maendeleo ilifutwa. Watu wengi walishangilia, nao walikuwa na sababu, maana kodi ile ilimkimbiza maskini porini. Lakini mzigo haukuondoka wote. Sehemu yake ilirudi kwa jina la mchango. Na tofauti iliyopo yafaa iangaliwe vizuri: kodi huwekwa na sheria, na sheria husema nani asamehewe, mchango huwekwa na kikao, na mara nyingi kikao husema kila kaya itoe kiasi kile kile. Mwenye trekta na mwenye jembe la mkono wakatajwa kwa kiwango kimoja.

Sababu za wanaoutetea

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kupeleka maji safi karibu na kila mwananchi wa kijijini ifikapo mwaka 1991, na maji yale yalikuwa ya bure. Nia ilikuwa njema kabisa. Lakini pampu ilipoharibika, hakuna aliyejiona kuwa mwenyewe. Watu walimngoja fundi wa serikali, naye hakuwa na gari wala vipuri. Mwaka 1991 ulifika na vijiji vingi bado vinachota mtoni. Kwa sababu hiyo Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliwataka wanakijiji wachangie sehemu ya ujenzi na kugharimia matengenezo.

Basi hoja ni kwamba kitu ulichokitolea jasho utakilinda. Tena fedha ya serikali haitoshi kila mahali kwa mara moja, na ni afadhali ianzie pale watu walipoonyesha nia. Hayo ni ya kweli. Kijiji ambacho watu wake wanaiacha milango ya shule iibwe, wakisema ni mali ya serikali, kina ugonjwa ambao fedha haiuponyi.

Sababu za upande wa pili

Lakini hebu tuufuatilie utaratibu huu mpaka mwisho wake. Tuseme viko vijiji viwili. Cha kwanza kina mpunga mwingi, kina wafanyabiashara, na vijana wake wa Morogoro na Dar es Salaam hutuma fedha nyumbani. Cha pili kiko mbondeni, maji yamechukua mashamba yake, na nusu ya kaya zake ni za wazee wanaolea wajukuu. Wote wameambiwa wapandishe kuta kwanza. Cha kwanza kitamaliza kuta kwa mwaka mmoja, na fedha ya umma itakifuata. Cha pili hakitafika kwenye renta, na fedha ya umma itakipita. Hivyo mfuko uliotoka kwa wote unamwongezea aliyekwisha kupata, na kumpita yule ambaye huenda ndiye aliyekuwa na shida kubwa zaidi. Hakuna mtu aliyekusudia dhuluma, lakini imetokea.

Lingine ni kwamba nia haiwezi kupimwa kwa matofali peke yake. Mwanamke mgonjwa anayeshindwa kubeba ndoo ya maji mpaka kwenye ujenzi hakukosa nia, amekosa nguvu. Wengi wetu twakumbuka nyakati za michango ya sekondari, ambapo mgambo walipita nyumba kwa nyumba, wakaondoka na kuku au baiskeli ya mtu. Mchango uliochukuliwa namna hiyo si ushirika tena. Ni kodi isiyo na sheria.

Tena ziko kazi ambazo hakuna kijiji kinachoweza kuzianza. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mto Mkondoa ulivunja tuta lililojengwa zamani, enzi za ukoloni, kuukinga mji wa Kilosa. Maelfu ya watu walihamia kwenye mahema, na reli ya kati ikakatika kwa miezi. Nani angewaambia watu wale waanze tuta kwa majembe yao, ndipo serikali imalizie? Mto hausubiri michango. Kwa kazi kama hiyo serikali iko kwa sababu sisi mmoja mmoja hatutoshi.

Fedha ya serikali ni ya nani?

Hapa tunafika kwenye mzizi wa jambo. Tumezoea kusema kwamba serikali imetupa darasa au imetusaidia zahanati, na siku ya ufunguzi tunapanga ngoma na hotuba za kushukuru. Adabu ni njema. Lakini tujiulize serikali iliipata wapi fedha ile. Mjane wa Kilangali anayenunua mche wa sabuni na vocha ya simu analipa kodi ndani ya bei, ingawa hajawahi kuingia ofisi ya mapato. Tozo ya miamala ya simu iliyowekwa mwaka 2021 ilikatwa katika fedha ndogo ndogo ambazo watoto humtumia mama, na sehemu yake ilijenga vituo vya afya na madarasa. Mwaka huo huo serikali ilikopa Shirika la Fedha la Kimataifa, ikatenga shilingi trilioni 1.3, na katika hizo yakajengwa madarasa 15,000 nchini kwa miezi michache: 12,000 ya sekondari na 3,000 ya vituo shikizi. Wananchi hawakuombwa kupandisha kuta. Kazi ile ilionyesha kwamba palipo na nia paa hupatikana. Lakini fedha ile ilikuwa mkopo, na watakaoulipa ni sisi na watoto waliokalia madawati yale.

Kwa hiyo kijiji kinapoambiwa kichangie, kisidhaniwe kuwa hakijatoa kitu bado. Kimekwisha kutoa. Mchango ni utoaji wa mara ya pili. Huenda ukawa halali, lakini anayeuomba yampasa aombe kwa unyenyekevu, na anayeuahidi sehemu ya kumalizia amejifunga kama mtu aliyekopa. Boma lisiloezekwa ni hati ya deni iliyosimamishwa kwa matofali. Mdeni wake ni yule aliyeahidi mabati.

Wakati mwingine mabati yalitoka, lakini hayakufika. Jirani zetu wa Uganda walipochunguza fedha ambazo serikali yao ilizituma kwa shule za msingi kati ya mwaka 1991 na 1995, waliona kwamba kwa wastani ni asilimia 13 tu iliyofika shuleni. Ndipo serikali ilipoanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na kubandika hesabu shuleni. Ilipofika mwaka 2001, zaidi ya asilimia 80 ilikuwa ikifika. Wazazi na walimu walikuwa wale wale. Ila sasa walijua cha kuuliza.

Mfano wa Nehemia

Wanaojua Maandiko watakumbuka kwamba ujenzi wa ukuta wa Yerusalemu ulikuwa na pande zote mbili hizi. Nehemia hakuanza kwa michango. Kwanza alimwomba mfalme barua ya kupewa miti kutoka msitu wa kifalme, akaipata kabla ya kuwaita watu kazini. Kisha watu wakajenga, baadhi yao mbele ya nyumba zao wenyewe, na wakubwa wa Tekoa waliokataa kuinamisha shingo wakaandikwa kwa aibu. Lakini kazi ikiwa inaendelea, maskini walilia kwamba wameweka rehani mashamba yao ili wapate chakula na kulipa kodi ya mfalme. Nehemia hakuwajibu kwamba ukuta ni wa wote, basi wavumilie. Aliitisha mkutano, akawakemea wakubwa, akataka mashamba yarudishwe. Na yeye mwenyewe aliacha kuila posho ya liwali, kwa kuwa mzigo wa watu ulikuwa mzito. Kwake ukuta haukuwa na thamani kuliko watu waliokusudiwa kukaa ndani yake.

Yatupasayo

Basi twaweza kusema hivi. Mchango ni mwema ukiwa njia ya kushiriki. Ni mbaya ukiwa kiingilio ambacho asiyenacho hufungiwa nje. Serikali yenyewe imekwisha kuona sehemu ya jambo hili. Mwaka 2012 TASAF ilianza kuwapa ruzuku kaya maskini, na katika miradi yake ya ajira za muda watu hao walilipwa kwa kazi ambayo zamani waliambiwa waitoe bure. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni. Hata hivyo marufuku haikutosha: mahali pengine wazazi waliacha kutoa hata mahindi ya uji, na watoto wakashinda njaa darasani. Kumwondolea maskini mzigo ni jambo moja. Kumpa mwenye uwezo kisingizio cha kujitenga ni jambo jingine.

Nasi tulio vijijini tuna la kufanya. Kwanza, mchango upangwe na mkutano mkuu wa kijiji, nao upangwe kwa kadiri ya uwezo. Majina ya wazee, wagonjwa na wajane wasiojiweza yatajwe mapema kuwa wamesamehewa, ili asiwepo wa kuaibishwa baadaye. Mwenye trekta abebe mchanga, na mwenye mikono mitupu apike uji wa wajenzi kama aweza.

Pili, tusianze boma jipya kabla ya la zamani kuezekwa. Na kabla ya kufyatua tofali la kwanza, tuiombe halmashauri iandike itatoa nini na katika bajeti ya mwaka gani. Kuomba maandishi si ukaidi. Mtu anayekusudia kulipa haoni vibaya kuandika deni lake.

Tatu, mapato na matumizi yasomwe mkutanoni na kubandikwa ubaoni, nasi tuhudhurie na kuuliza. Wako watu waogopao kuuliza wasije wakaonekana hawana shukrani. Lakini shukrani hupewa mtu aliyetoa chake. Aliyetunza cha wote huombwa hesabu, na mtunzaji mwaminifu huifurahia siku ya hesabu.

Nne, hata makanisani tujiangalie. Ziko sharika ambazo jengo likianza, majina ya wasiotoa husomwa mbele ya watu. Tukifanya hivyo, tutamwambia nini mtendaji wa kijiji?

Na kwa wale wanaogawa fedha za umma wilayani na juu yake, wapo miongoni mwetu na wengine ni waumini wenzetu, twawaomba jambo moja. Mnapoziangalia orodha za maboma yanayongoja paa, msihesabu kuta tu. Ulizeni pia ni kijiji gani hakikuweza kupandisha hata ukuta mmoja, na kwa sababu gani. Huenda hapo ndipo fedha inapotakiwa kutangulia.