Nani Aliyemchoma Mlinzi Kisu?

Mtu aliyehamia Minneapolis na kutaka wenzake wa kucheza Dungeons & Dragons kwa kawaida huanzia duka la michezo. Nyuma ya rafu huwa kuna meza, na jioni fulani za wiki meza hizo huachiwa wachezaji. Mgeni huonyeshwa kiti, akapewa penseli na karatasi ya mhusika, akaazimwa dadu yenye pande 20. Wachezaji ni wanne au watano, pamoja na msimamizi anayeeleza kila kilichoko mbele yao: lango, ukungu, mlinzi anayesinzia. Nusu saa haijaisha, jirani ambaye mgeni hajui hata jina lake la ukoo anatangaza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Namchoma mlinzi kisu."

Hakuna anayeshtuka. Msimamizi anataka kujua tu dadu imeangukia ngapi.

Basi ni nani aliyemchoma? Wasomaji waliolelewa kwa ngano wanaweza kuliona swali hili jepesi. Sungura amekuwa akimdanganya fisi tangu enzi na enzi, na hakuna bibi aliyewahi kuitwa mwongo kwa kumsimulia. Fanani anasema "Paukwa," hadhira inaitikia "Pakawa," na tangu hapo wote wamekubaliana kwamba wameingia pengine. Lakini bibi husema sungura alidanganya. Mchezaji wa Minneapolis husema nadanganya, naiba, naua. Hila anaibuni mwenyewe papo hapo, na ikifaulu anachekelea. Umbali ule uliomlinda bibi haupo tena.

Plato alishauona mtego huo. Katika kitabu cha tatu cha Jamhuri anawakataza walinzi wa mji wake kuigiza watu waovu au dhaifu, kwa hofu kwamba anayezoea kuigiza tabia tangu utotoni mwishowe huivaa. Msomaji wa Mombasa au Zanzibar huenda hata asifike huko. Yeye ataanza na dadu yenyewe, maana wanazuoni wengi wa Kiislamu walikataza michezo ya dadu hata pasipo kamari.

Mchezo wenyewe ulizaliwa kwa ajali iliyotokana na hila hizohizo. Mwaka 1969, huko St. Paul, upande wa pili wa mto Mississippi, David Wesely aliandaa mchezo wa vita vya zama za Napoleon katika mji wa kubuni aliouita Braunstein. Safari hii baadhi ya wachezaji hawakupewa jeshi bali nafasi ya mtu, mwenye haja zake na siri zake. Mambo yakaharibika. Badala ya kusubiri vita, wachezaji walianza kuvutana pembeni, kula njama na kusemana uongo. Wesely aliona jaribio lake limeshindwa. Wenzake wakaomba lirudiwe. Dave Arneson, mmoja wao, akaendeleza wazo hilo katika nchi ya kubuni ya Blackmoor, kisha akaungana na Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin. Mwaka 1974 Dungeons & Dragons ikachapishwa, nakala 1,000 za kwanza, dola 10 kila moja.

Miaka kumi haikupita kabla ya makanisa kuamka. Mwaka 1983 Patricia Pulling wa Virginia, mama aliyempoteza mwanawe kwa kujiua, aliunda chama cha kuupinga mchezo akiamini ndio uliomponza. Majonzi yake yanastahili heshima. Madai yake hayakusimama: mwandishi Michael Stackpole aliyapitia moja baada ya jingine mwaka 1990 na kuonyesha jinsi takwimu zilivyokusanywa ovyo. Wachapishaji walikuwa wamekwisha kuogopa. Toleo la 1989 liliondoa majina ya mashetani na kuwapa viumbe hao majina ya kutunga, kana kwamba shetani hukimbia akibadilishiwa kitambulisho. Mwaka 2000 majina ya zamani yakarudi, na mbingu hazikuanguka.

Wapinzani wale hawakujali sana kwamba waliokuwa wakiwatuhumu walikuwa watu wa dini vilevile. Gygax aliwahi kuwa Shahidi wa Yehova. Tracy Hickman, mmoja wa waandishi mashuhuri wa masimulizi ya mchezo huo, ni Mmormoni aliyewahi kufanya kazi ya umisionari Indonesia. Na palepale Minneapolis alikuwepo M.A.R. Barker.

Kwa Barker inafaa kukaa kidogo. Alikuwa profesa wa lugha za Asia Kusini katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Mmarekani aliyesilimu. Mwaka 1975 alitoa Empire of the Petal Throne, mchezo uliojengwa juu ya ulimwengu wake wa Tékumel, wenye lugha alizozitunga kwa ustadi wa mwanaisimu, miungu tele, makuhani na mahekalu. Kwa miaka mingi wachezaji walikusanyika nyumbani kwake. Mtu wa tauhidi akisimamia ibada za kubuni kwa miungu ya kubuni: hapo mfuasi wa Plato angekuwa na la kusema. Barker alifariki mwaka 2012. Miaka kumi baadaye, wakfu unaotunza kazi zake ulikiri hadharani kwamba Serpent's Walk, riwaya ya mwaka 1991 yenye itikadi za Kinazi iliyotolewa kwa jina la bandia, ilikuwa yake.

Mpaka leo baadhi ya waliomfahamu wanahangaika na habari hiyo, na wana haki. Sumu ile haikupikwa na kuhani yeyote wa Tékumel. Iliandikwa na profesa, kwa makusudi, nje ya mchezo. Anayehofia kwamba kujifanya mwovu humfanya mtu mwovu hapati ushahidi hapa, wala anayedai kwamba mchezo humfunua mtu alivyo. Watu walikaa na mwenyeji wao miaka na miaka wakashindana naye kwa akili na hila, na hilo halikuwafichulia kitu.

Kuhusu hila za mezani zenyewe, Johan Huizinga, Mholanzi aliyeandika Homo Ludens mwaka 1938, alishangazwa na jambo moja: wachezaji humvumilia mdanganyifu kuliko mvurugaji. Mdanganyifu angalau anajifanya kuheshimu kanuni. Mvurugaji anaubomoa ulimwengu wote kwa kukataa kuuamini. Lakini Huizinga hakutaja mchezaji ambaye ulimwengu huo unamuumiza. Siku hizi meza nyingi huweka kadi yenye herufi X, wazo la John Stavropoulos. Tukio likimgusa mtu pabaya, anaigusa kadi na tukio linarukwa, bila kuombwa maelezo. Kwa hiyo mtu aliyeazimwa dadu dakika chache zilizopita anaweza kusimamisha simulizi la kundi zima kwa kidole. Makanisa ya miaka ya 1980 yalimtafuta pepo ndani ya kitabu. Kadi hii inawatazama waliokaa vitini.

Wapo wengine waliotazama viti hivyo, kwa nia nyingine kabisa. Mwaka 2004, katika gereza la Waupun, jimbo lilelile la Wisconsin, maofisa walimnyang'anya mfungwa wa kifungo cha maisha vitabu vyake vya Dungeons & Dragons pamoja na muswada wa simulizi aliloandika kwa mkono, kurasa 96. Mapepo hayakutajwa. Ofisa anayeshughulikia magenge alieleza kwamba mchezo una kiongozi anayewaelekeza wengine, na kwamba mpangilio huo unafanana na wa genge. Gereza, kwa maneno mengine, liliogopa kilekile anachokitafuta mhamiaji anapoingia duka la michezo: kundi la watu wasio ndugu wanaoaminiana. Mfungwa alikwenda mahakamani na viapo vya watu 15, wengi wao wafungwa wenzake, wakisema hawajawahi kuona genge lililotokana na mchezo huo. Januari 2010 mahakama ya rufaa ilisema maofisa hawahitaji kungoja genge litokee ndipo wachukue hatua; inatosha hofu yao iwe na mantiki. Marufuku ikabaki.