Zawadi ya Siri: Je, Ni Upendo?



Leo tujiulize swali linaloonekana dogo. Mume akimficha mke wake jambo kwa nia ya kumfurahisha, amemtendea mema au amemkosea? Siulizi kwa ajili ya jirani. Kosa hili nililifanya mimi mwenyewe, katekista, ninayewafundisha wachumba kila Jumamosi.

Mimi na mama watoto tulikuwa tukikaribia miaka ishirini ya ndoa. Sisi ni watu wa bara, huku Ukambani. Bahari tuliiona kwenye kalenda tu. Nikasema moyoni, mwaka huu nitampeleka Lamu. Tulikuwa na ndama dume ambaye mke wangu alimlea, akimkatia nyasi asubuhi na jioni. Nikamwuza kwa shilingi 38,000, nikamwambia kwamba pesa zimekwenda kwenye karo. Kumbe nimelipia chumba karibu na ufuo, siku sita, mwezi wa Mei.

Nilipomwonyesha risiti, nilingoja kicheko. Alinyamaza, kisha akalia. "Baba watoto," akasema, "mama yangu haoni kwa sababu ya mtoto wa jicho. Nilitaka nikuombe tumsaidie kwa pesa za ndama. Uliposema ni za karo, nikanyamaza."

Mwanzoni nilikasirika. Nikajitetea kwa Injili: je, si Yuda aliyelalamika kule Betania kwamba marhamu yangeuzwa kwa dinari 300 wakapewa maskini? Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, basi hayo yalikuwa karibu mapato ya mwaka mzima. Na Bwana wetu hakumkemea Mariamu. Upendo haupimwi kwa kibaba, nilijiambia.

Lakini usiku ule sikulala. Marhamu yale yalikuwa ya Mariamu mwenyewe, naye hakumdanganya mtu ili ayamimine. Mimi nilimimina ya nani? Ndama alikuwa wetu sote, na jasho lilikuwa la mke wangu zaidi. Nilimnunulia zawadi kwa mali yake mwenyewe, kisha nikangoja anishukuru.

Ndugu msomaji, utasema nia yangu ilikuwa njema. Ni kweli. Lakini nia njema haiugeuzi uongo kuwa ukweli. Tena kuna jambo kubwa kuliko pesa. Siku ya harusi padre hakuniuliza mimi peke yangu. Alituuliza sote wawili, na bila neno la mke wangu ndoa isingekuwapo. Nilipoficha safari nilimnyima nafasi ya kusema hapana. Zaidi ya hayo, nilimnyima nafasi ya kusema ndiyo.

Je, basi kila zawadi ya ghafla ni kosa? La hasha. Mletee mkeo leso kutoka sokoni. Mpikie mumeo chakula akipendacho bila kumwambia. Kipimo changu ni hiki: kama zawadi yahitaji uongo, au yagusa mali mnayoitegemea wote wawili, hiyo si zawadi tena. Ni uamuzi wa nyumba uliofanywa na mtu mmoja.

Wala msidhani nasema mapumziko ni anasa. Yesu mwenyewe aliwaambia mitume wajitenge, wapumzike kidogo (Mk 6:31). Mke wangu naye alikiri kosa lake: kila mwaka alisema "mwaka ujao", na shida ya mama yake aliibeba peke yake kana kwamba sina bega. Marehemu Papa Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alihimiza familia zitumie maneno matatu: kuomba ruhusa, kushukuru, na kuomba radhi. Mimi niliruka la kwanza, nikalazimika kuanza na la tatu.

Tulifanyaje? Mwenye nyumba ya wageni alikubali kurudisha nusu ya pesa, nazo zikasaidia upasuaji wa jicho la mama mkwe. Kisha tukachukua daftari, tukaketi wawili. Hapo ndipo nilipotambua ujinga wa siri, kwa kuwa mtu anayeficha hana wa kumuuliza. Mei ni mwezi wa masika huko pwani! Mke wangu aliuliza kwa mama mmoja wa jumuiya aliyewahi kuishi huko, tukachagua mwanzo wa Desemba, kabla ya bei za Krismasi. Watoto wangebaki kwa shangazi yao. Badala ya siku sita, tatu. Badala ya chumba cha ufuoni Shela, chumba mjini, kwa maana kutoka mjini hadi Shela ni kama kilomita tatu tu, na miguu tunayo. Tuliuliza pia hali ya usalama barabarani, kwa sababu tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 si vyema kusafiri bila kuuliza. Tukakumbuka kwamba wenyeji wengi ni Waislamu, basi tukafunga nguo za heshima.

Mwaka uliofuata tulikwenda. Basi lilitufikisha Mokowe, tukavuka kwa mashua. Katika vichochoro vya mji ule mkongwe, ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, tulipishana na punda. Asubuhi ya pili maji yakiwa yamepwa, tulitembea hadi Shela. Mama watoto alivua viatu, akaonja maji kwa kidole, akacheka mpaka akaketi mchangani. Kisha akaniambia, "Jioni tumpigie mama, tumweleze ilivyo." Jicho moja la mama yake lilikuwa limekwisha kupona.

Wapendwa, jioni ya leo, watoto wakilala, ulizaneni: Je, kuna fedha ambazo mwenzangu hajui zimekwenda wapi? Je, kuna mzigo ninaoubeba kimya? Na je, ni lini tulipumzika pamoja, sote wawili tukiwa tumekubali?

Mungu azibariki nyumba zenu.