Makovu ya Bunduki ya Kale

Mto Kilombero huungana na Luwegu ukawa Rufiji. Na kaskazini ya Rufiji, huko Beho Beho, lipo kaburi la Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyeuawa vitani tarehe 4 Januari 1917. Aliipenda bunduki ya namna iliyobuniwa na Mskoti Farquharson mwaka 1872: ukisukuma wenzo ulio chini ya kifyatulio, gogo la chuma hushuka, ukatia risasi moja tu. Leo bunduki hizo ni adimu, na wako mafundi wazitafutao ili wazirudishie uzuri wake. Je, kazi hiyo mpaka wake ni upi?

Fundi mwema huanza kwa kusoma, si kwa tupa. Chini ya mtutu hutafuta chapa za ukaguzi: London na Birmingham kila mmoja una alama zake, na Ujerumani, kwa sheria ya mwaka 1891, ilipiga herufi zenye taji. Chapa hizo ndizo cheti cha kuzaliwa. Apitishaye msasa ili chuma king'ae amekichoma cheti hicho. Kutu hutolewa kwa mafuta na subira.

Sasa tuseme ya kuwa kitako kilipasuka porini, na mhunzi wa bondeni, asiyetajwa kitabuni, akakifunga kwa ngozi mbichi ya nyati, ikakauka na kukaza. Je, ikatwe? Wengi watasema, "Naam, irudi kama ilivyotoka kiwandani." Mimi nasema, hasha. Kazi ya mhunzi huyo ni ya kweli sawasawa na nakshi ya Ulaya. Tena wazee wetu hawakuzijua bunduki kwa nakshi zake: Mahenge, mwezi wa Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji waliangushwa kwa risasi. Kuipamba silaha ya kale kana kwamba haikupita mikononi mwa mtu wala haikumdhuru mtu, ni kusema uongo kwa mikono.

Basi, tuiache ioze? La, kutu nayo hufuta. Ihifadhiwe, ila isipigwe ovyo: mitutu mingi ya zamani ilifanywa kwa baruti nyeusi, na baruti ya siku hizi yaweza kuipasua usoni pa mpigaji. Na wewe uliyerithi gobore la babu, kumbuka ya kuwa sheria ya mwaka 2015 yadai kibali. Anza polisi kabla ya kwenda kwa fundi.

Kutengeneza ni kuponya, wala si kughushi. Jeraha lililopona huacha kovu, na kovu ni shahidi. Asiyetaka kumsikia shahidi, ana lake analolificha.