Mkanda Wetu na Usalama wa Jirani

Siku hizi wengi katika mitaa yetu hupanda ndege: wengine huenda kuhiji Nchi Takatifu, wengine kuwatazama wajukuu Ulaya au Marekani. Yafaa basi tujiulize: je, mtu mzima aliyelipa nauli yake ana haki ya kukaa bila mkanda, akisema, “Nikiumia, nimeumia mwenyewe”?

Tarehe 21 Mei, 2024, ndege ya Singapore Airlines ilikuwa ikitoka London kwenda Singapore, ikiwa na abiria 211 na watumishi 18. Baada ya mwendo wa saa 10 hivi, juu ya nchi ya Myanmar, ilianza kutikisika. Taa ya kufunga mikanda ikawashwa. Sekunde nane baadaye, wale ambao hawajafunga walirushwa juu, kisha wakabwagwa chini. Yote hayo yalichukua kama sekunde tano. Mzee mmoja alifariki, na watu wengi waliumia, baadhi yao uti wa mgongo. Ndege ikaenda kutua Bangkok.

Hatusemi haya ili kuwalaumu waliopatwa na msiba. Twataka kuonyesha kwamba onyo huweza kuja likiwa limechelewa. Tena kuna misukosuko ijayo katika anga jeupe, bila wingu lolote. Rada ya ndege huona matone ya maji. Upepo mkavu haiuoni. Ndiyo maana tunaombwa kufunga mkanda muda wote tuketipo, hata taa ikiwa imezimwa. Tahadhari kabla ya hatari.

Je, anayeumia ni mwenyewe tu? Mwili uliorushwa darini hurudi chini, nao huweza kumwangukia mtoto wa jirani. Tena wako wahudumu, ambao husimama kwa ajili yetu. Katika mashirika ya ndege ya Marekani, tangu mwaka 2009 hadi 2022, watu 163 waliumia vibaya kwa misukosuko ya hewa; kati yao 129 walikuwa watumishi wa ndege. Abiria anayebishana na mhudumu juu ya mkanda humchelewesha kwenda kuketi na kufunga wa kwake. Hapo swali la Kaini juu ya ndugu yake latuhusu sisi.

Wengine husema kwamba Mungu hulinda, mkanda wa nini? Na tumkumbuke Paulo katika Matendo 27. Alikwisha kuahidiwa kwamba hapana mtu atakayepotea katika merikebu ile. Hata hivyo aliwaonya askari wasiwaache mabaharia watoroke. Ahadi haikumfanya adharau njia za kuokoka.

Basi, haki ya kujihatarisha haifiki kwenye kiti cha jirani. Katika Litania tunawaombea wasafiri. Zamu yetu ya kusafiri ikifika, tufunge mkanda mapema. Na tukiambiwa kwamba chai itachelewa kwa sababu ya hali ya hewa, tusinung’unike.