Je, Umaskini Wetu Umetokana na Mila?



Tangu mwaka 2023, msaada wa chakula hapa Uganda ulipoanza kugawanywa kwa makundi na jamaa nyingine kuondolewa, neno moja linarudiwa hata mlangoni mwa kanisa: sisi Wakongomani ni maskini kwa sababu ya mila zetu. Nakiri, hata mimi nimewahi kulihubiri. Baada ya ibada mama mmoja mjane aliniuliza, "Mchungaji, ni mila gani iliyochoma nyumba yangu?" Nilikosa jibu.

Mdogo wangu wa tumbo moja yuko Nyarugusu, Tanzania, kambi iliyofunguliwa 1996. Ni fundi cherehani, tena ananizidi bidii. Lakini sheria ya wakimbizi ya kule, ya mwaka 1998, haimruhusu kutoka kambini bila kibali. Nguo atamshonea nani? Hapa Nakivale, sheria ya 2006 inaturuhusu kufanya kazi na kusafiri, na wengi walipewa kipande cha ardhi walime. Mama yetu ni mmoja, mila ni zile zile. Tofauti ni kwamba yeye alivuka Ziwa Tanganyika, mimi nikapanda kaskazini.

Hata hivyo sitasema kwamba uchaguzi wa mtu si kitu. Ruthu Mmoabu alikuwa mgeni. Torati (Walawi 19) iliwaagiza wenye mashamba wasivune mpaka pembeni, wamwachie maskini na mgeni. Bila agizo hilo, bidii yake ingeokota nini? Na kama angebaki amelala nyumbani kwa Naomi, masuke yangeliwa na ndege.

Mila nazo zina pande mbili. Matanga yetu ya siku nyingi humaliza mbuzi wa mjane, na hilo wazee wa kanisa tumelinyamazia mno. Lakini desturi hiyo hiyo ya kutoachana ndiyo inayoshika vikundi vyetu vya akiba na mikopo, mfumo ulioanzia kwa wanawake wa Niger mwaka 1991, wakisaidiwa na shirika la CARE. Mwenye kutoroka na pesa ya kikundi atakutana na macho ya wenzake kisimani.

Yule mama mjane sasa yumo katika kikundi cha Jumatano. Wiki iliyopita aliomba mkopo wa mbegu ya maharage, akataka mdhamini. Nilitia sahihi.